Shamba la Juu ya Paa, Doornfontein

Jumatano, 3 Juni 2020

Nimepigwa na butwaa tangu asubuhi. Serikali inawasaidia watu kwa sababu wana kuku.

Nimeisikia kwenye redio ya duka la mkate, nikiwa kwenye foleni, mita mbili mbele na mita mbili nyuma. Ruzuku ya korona kwa wakulima na wafugaji wadogo. Mtu ana banda, ana mboga, ana mayai ya kula kila siku, halafu anaongezewa. Mimi nimeuza mikanda na makava ya simu pale Fordsburg miaka kumi na moja. Tangu Machi meza yangu imefungiwa ndani ya soko. Sijapewa hata pole.

Nilimweleza mke wangu, Bushra. Hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. Anashona barakoa mia mbili za mwenye duka mmoja wa Fordsburg, za kupeleka Jumatatu ya tarehe 15. Akasema zikikamilika, kodi ya fleti italipika, na kama sina kazi nimkatie mipira ya masikio. Nikakata mipira. Mwanaume wa miaka arobaini na tatu, mtoto wa Tanga mjini, nakata mipira ya barakoa.

Wakati nakata nikatazama juu, kwenye dari. Tunakaa ghorofa ya nane hapa Doornfontein, Johannesburg, ghorofa ya mwisho kabisa. Juu yetu kuna paa la zege, bapa, hatua thelathini kwa kumi na mbili. Halina kitu ila madishi ya televisheni na maji ya mvua yaliyotuama.

Nikaona shamba. Sijui kwa nini mtu mwingine hajaliona.

Ijumaa, 5 Juni

Ufunguo wa paa anao Gustave, mlinzi wa jengo, Mkongo wa Bukavu. Sikutaka kumshirikisha. Gustave anavaa sare ya ulinzi hata siku ya mapumziko, na ngazi za jengo anaziita ngazi zangu. Lakini fomu ya ruzuku inataka kitambulisho cha raia, na mimi nina karatasi ya mwomba hifadhi inayokwisha kila baada ya miezi sita. Gustave alipewa uraia mwaka juzi. Hajaacha kututajia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mradi ni mzuri, vraiment, kweli kabisa, ila yeye atakuwa Mwenyekiti. Nikamwuliza mimi nitakuwa nani. Akasema Katibu, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Nilishtuka. Wazo ni langu. Paa liko juu ya kichwa changu, mvua ikinyesha linavujia kwangu. Akatikisa ufunguo. Nikawa Katibu.

Jina tumeligombania saa nzima. Yeye alitaka la Kifaransa, lenye Kivu ndani yake. Mimi nilitaka Tanga. Limekuwa Ushirika wa Wafugaji wa Kivu na Tanga. Nimekubali Kivu itangulie ili tumalize.

Idadi ya kuku: nilitaka kuandika ishirini. Mwenyekiti akasema ishirini ni aibu. Tumeandika sitini. Idadi ya wafanyakazi: kumi na wanne. Gustave ametaja kwaya nzima ya kanisa lake, kuanzia sauti ya kwanza mpaka besi, na mpiga kinanda kamwandika daktari wa mifugo.

Kuku tulionao kwa sasa: hakuna. Lakini fomu haikuuliza habari za sasa.

Nimeituma kwa simu. Bushra sijamwambia. Nataka aje ashangae.

Jumatatu, 8 Juni

Ujumbe umeingia saa nne. Ombi limepokewa. Mkaguzi atafika shambani Ijumaa tarehe 12, saa tano asubuhi.

Mkaguzi! Nchi ina ugonjwa, mipaka imefungwa, watu hawaruhusiwi hata kuzikana kwa wingi, na bado kuna mtu ana nafasi ya kwenda kuhesabu kuku wa wenzake. Gustave aliusoma ujumbe mara mbili. Kisha akasema mambo ya kuku ni ya Katibu.

Nikaenda Soweto kwa Ma Tumu. Ni mama mtu mzima, Msotho, mteja wangu wa zamani wa makava ya simu. Anafuga kuku na kulima spinachi nyuma ya nyumba yake. Nilimwomba kuku wa kuazima, siku nne tu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema eish, kuku haazimwi, kuku hana akili ya kurudi mwenyewe. Nikang'ang'ania. Mwishowe akasema atanipa kumi na wawili nikiweka rehani. Nikamwuliza rehani gani. Akasema aliwahi kunisikia nikijisifia cherehani ya mke wangu.

Makubaliano ni haya. Cherehani inakaa kwa Ma Tumu. Jumamosi nikirudisha kuku kumi na wawili, wote wanapumua, cherehani inarudi. Akipungua hata mmoja, haitoki.

Bushra nimemwambia mkanda wa cherehani umelegea, na kuna fundi Fordsburg anatengeneza bure wiki hii. Alikuwa amebakiza barakoa tisini. Akaitazama mashine, akaitazama barakoa mkononi, akasema mbona inashona vizuri. Nikasema ndivyo zinavyoanza. Akaifunika kwa kanga yake mwenyewe isiingie vumbi njiani. Hapo roho iliniuma, nakiri. Lakini Jumamosi si mbali. Na ruzuku ikiingia nitamnunulia mashine mbili.

Jumatano, 10 Juni

Jana Gustave aliazima pikapu ya kanisa. Cherehani ikaenda, kuku wakaja. Lifti ya jengo imekufa tangu 2017. Nimepanda ghorofa nane mara tatu na maboksi. Mwenyekiti alibeba ufunguo.

Kuku wamenishangaza. Sikujua wana dharau namna ile. Baridi ya Juni hapa haina huruma, na juu ya paa upepo unakata masikio. Wote kumi na wawili wamejibanza nyuma ya dishi moja na hawataki kutembea. Mkaguzi akija ataona rundo la manyoya, hataona ufugaji.

Mwenyekiti amebuni mpango. Mkaguzi aanzie upande wa mashariki, aone kuku kumi na wawili. Mimi nimgeuze, nimwonyeshe jiji lilivyo, huku Gustave anawahamishia magharibi kwa kikapu. Halafu kusini. Mara tano, sitini. Nilimwuliza kama mkaguzi hatazitambua sura zao. Akasema kuku hana sura. Nimechora ramani.

Asubuhi kuku mmoja ametaga. Mwenyekiti amelichukua yai, eti ni la Mwenyekiti. Nilipinga. Kuku hawa wamekuja kwa cherehani ya nyumba yangu, yai ni la nyumba yangu. Akasema katiba ya ushirika haijaandikwa, kwa hiyo hajavunja kitu. Amelikaanga palepale kwenye kibanda cha ulinzi, na kitunguu.

Bushra amewasikia kuku juu ya dari. Ikabidi niseme kitu. Nikamwambia nimewanunua kwa akiba yangu ndogo, ni wetu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani ni uso wake. Hajaniangalia vile tangu meza ifungwe. Akaniuliza akiba ipi. Nikabadilisha mazungumzo upesi, nikamwambia Ijumaa tunapata mgeni mkubwa wa serikali na watu wake, nyumba iwe safi. Akaniuliza mgeni huyo anakuja kwetu kufanya nini. Nikasema kunitembelea. Alifurahi. Akasema kumbe bado nina watu.

Bushra ameniuliza habari za fundi mara mbili leo. Nimesema anasubiri kipuri.

Ijumaa, 12 Juni

Lazima niandike.

Tangu saa tatu asubuhi mimi na Mwenyekiti tulikuwa chini barabarani, pale magari yanaposimama kwenye robot, taa za barabarani, tukimsubiri mkaguzi. Alifika saa tano kasoro. Mama mnene, mpole, barakoa mbili usoni, na mwanamume mmoja wa kupiga picha. Tukapanda. Ghorofa ya tatu akapumzika. Ghorofa ya tano nikanusa pilau. Nikajiambia jengo hili lina tajiri. Ghorofa ya saba harufu ilizidi: bizari, mdalasini, kitunguu cha kukaanga. Gustave akanong'ona kwamba mtu anayepika hivi wakati wa korona anapaswa kuchunguzwa.

Mlango wa paa haukuwa umefungwa. Mwenyekiti aliuacha wazi alfajiri, alipokwenda kutafuta yai.

Hapakuwa na kuku. Palikuwa na manyoya. Manyoya kwenye madishi, manyoya kwenye madimbwi, manyoya yanapepea kuelekea chuo kikuu. Na Mzee Shehe wa ghorofa ya tatu, kakaa juu ya ndoo, anafuta kisu. Akatusalimu vizuri. Akasema kazi imekwisha, wote wamechinjwa kihalali, na jengo zima linaniombea dua.

Bushra akatokea nyuma yetu, kavaa kanga zake za Idi, sinia mkononi. Akamkaribisha mkaguzi kwa adabu zote za Tanga. Mgeni wa serikali anakuja, kuku wapo, mume kasema ni wetu, basi wakachinjwa. Kwetu nani anamleta mgeni nyumbani amwonyeshe kuku akiwa hai? Na kwa kuwa wapangaji hawajaonja nyama tangu Machi, amewachinjisha wote, kila mlango upate sahani. Nimejaribu kumlaumu na nimeshindwa.

Mkaguzi aliuliza kuku sitini wako wapi. Mwenyekiti akajibu kwamba wako katika hatua ya usindikaji. Akaulizwa wafanyakazi kumi na wanne. Akasema wako mazoezini. Mkaguzi akaandika. Aliandika muda mrefu sana kwa mtu ambaye hajaona kitu. Mwenzake akayapiga picha manyoya. Bushra akawakaribisha tena chakula. Mkaguzi akasema kanuni hazimruhusu kula mahali pa ukaguzi. Kisha akauliza kama anaweza kufungiwa abebe. Bushra akamfungia vyombo viwili.

Na yule mama, kwa upole wake wote, akamweleza mke wangu alikuja kufanya nini.

Bushra alingoja wageni washuke. Akauliza kitu kimoja tu, cherehani iko wapi. Nikasema. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alikaa juu ya ndoo ya Mzee Shehe, akahesabu kwa vidole barakoa zilizobaki na siku zilizobaki. Kisha akasema amechoka kuolewa na mipango.

Pilau ilikuwa nzuri sana. Nilikula sahani mbili, lakini kwa uchungu.

Jumamosi, 13 Juni

Asubuhi nilikuwa na njia mpya. Tununue kuku wa kwenye friji, kumi na wawili, tuwatie kwenye boksi tumwachie Ma Tumu mlangoni, tuondoke upesi. Bushra akasema makubaliano yalikuwa wanapumua. Nilishtuka, maana habari ya kupumua sikumwambia. Kumbe ameshampigia simu Ma Tumu.

Tumekwenda pamoja. Nilidhani Ma Tumu atatutoa na fagio. Badala yake alimkalisha Bushra jikoni, akamwekea chai. Cherehani ilikuwa mezani, imefunikwa kanga ileile. Wakazungumza kwa Kiingereza kibovu, Kizulu kibovu na mikono. Mimi niliachwa uani na spinachi. Nilichosikia dirishani ni jina langu, kisha kicheko cha Ma Tumu, kisha Ma Tumu akisema shame, shame, ndiyo pole ya huku, kwa sauti ya msibani.

Hukumu ni hii. Bushra atamalizia barakoa palepale jikoni, leo na kesho, na atalala kwa Ma Tumu. Kuku nitawalipa mimi kwa kazi. Kuzoa mbolea ya kuku, kubeba maji, kulisha, mpaka Ma Tumu aone inatosha. Hapo ndipo cherehani itarudi kwa mwenyewe.

Nilisema mimi ni Katibu. Nikapewa koleo.

Jumatano, 17 Juni

Mgongo umekwisha. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kiumbe mdogo vile anaweza kutoa mbolea nyingi vile.

Barakoa zilifika Fordsburg Jumatatu, zote mia mbili. Kodi imelipwa. Mipira niliyokata mimi haikutajwa na mtu.

Gustave amejiuzulu uenyekiti kwa barua. Sababu aliyoandika: Katibu. Nakala ameibandika kwenye ubao wa matangazo, chini kabisa, kila anayeingia asome.

Na leo nimepata pigo. Ma Tumu amepata ruzuku. Ileile! Aliomba tangu Aprili, akakaguliwa Mei, amepewa vocha za chakula cha kuku, dawa na vifaranga mia. Nilimwomba anionyeshe fomu yake nijue ametumia mbinu gani. Ameandika kuku thelathini na mmoja na matuta sita ya spinachi. Nikamwuliza wakati ule hasa walikuwa wangapi. Akasema thelathini na mmoja. Nikamwuliza sasa aliongeza wangapi. Hakulielewa swali. Nimelirudia kwa lugha tatu.

Siamini mpaka sasa. Mtu ameandika ukweli mtupu kwenye fomu ya serikali, na serikali imekubali.

Kwa vifaranga hivyo Ma Tumu anahitaji mtu, miguu yake inavimba. Amemfanya Bushra msimamizi wa banda. Anapokea wateja, anaandika mayai, na kazi ikipungua anashona. Amepewa funguo, daftari na mshahara, na cherehani yake amerudishiwa leo hii, kabla mbolea haijaisha. Alikuwa anaimba akifagia. Hakuwa ameimba tangu Machi. Nilisimama na koleo nikimsikiliza, na machozi yakanilengalenga. Pengine ni vumbi la banda.

Msimamizi wangu sasa ni mke wangu. Ameniandika kwenye daftari: Nassir, kibarua.

Jumatano, 24 Juni

Nimeduwaa, na safari hii ni kwa furaha.

Leo ni siku yetu ya mapumziko. Nilikwenda kununua mkate, redio ya dukani ikasema kuna mpango wa kuwafikiria vibarua wa mashambani waliopoteza kazi kwa sababu ya korona. Kinachotakiwa ni barua ya kuachishwa kazi, yenye saini ya msimamizi na ya shahidi. Nusura niuangushe mkate. Msimamizi ninaye ndani ya nyumba. Nani mwingine Johannesburg nzima ana bahati hii?

Nilimweleza Bushra polepole. Anifukuze, kwa maandishi tu. Safari hii hakuna kuku, hakuna rehani, cherehani haiguswi. Akaisimamisha mashine. Akaniuliza kama nina hakika na ninachomwomba. Nikasema hakika kabisa, na ikiwezekana leo leo, kabla wengine hawajashtuka. Akasema basi, amenielewa.

Nilitegemea kumbembeleza siku tatu. Aliandika palepale, kurasa mbili, bila kufuta neno. Akamwita Mzee Shehe ashuhudie. Mzee akasoma, akavua miwani, akaniuliza kama mimi nimeisoma. Nikamwambia hakuna haja, mwenye wazo ni mimi. Akasaini, akanishika bega, akakaa hivyo kidogo kabla ya kushuka.

Bushra ameongeza na mambo ambayo mimi nisingeyafikiria. Alinituma nikanunue bahasha, niliporudi nikakuta nguo zangu zote zimekunjwa vizuri ndani ya begi, na begi liko nje ya mlango, barua juu yake. Mkaguzi yeyote akiliona atajua huyu mtu kafukuzwa kweli. Gustave alipopita akaliona. Alivua kofia, akanipa mkono na kuniambia pole, papa Nassir, kwa heshima ambayo hajawahi kunionyesha. Wivu unamsumbua.

Sasa ni saa kumi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ghorofa ya nane, jua halifiki huku. Nimejaribu ufunguo wangu, hauingii. Nilipokwenda kununua bahasha, amebadilisha hata kitasa. Sikujua mke wangu ana umakini wa kiwango hiki. Ningemshirikisha tangu mwanzo, tungekuwa mbali.

Vidole vinakufa ganzi, lakini nimeifungua barua nikasoma ukurasa wa kwanza. Umeandikwa kwa mwandiko safi. Unataja miaka yetu kumi na minne, unamtaja mama yangu Tanga, unataja mambo mengi ambayo sikujua anayakumbuka. Banda la Ma Tumu haulitaji hata mara moja. Ni kosa dogo. Akifungua mlango nitamwomba arekebishe.